Tunataka Kuona Vidole

Bwenini,
Jumapili, 4 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kazi za ghalani zinaendelea. Mimi ni mzima, ila nina hasira. Matroni anasema mtu akiwa na hasira afue shuka. Nimefua zote mbili na hasira bado ipo.

Hasira yenyewe ni ya tamasha. Likizo nzima ya Aprili niliisubiri Jumamosi ile nikuone ukipiga gitaa. Tulifika saa saba, mapema kabisa, lakini Mama alikuja na kiti chake cha kukunja kwa sababu ya mguu, kwa hiyo tukakaa nyuma kwenye nafasi. Saa tisa bendi yenu ilipopanda jukwaani, uwanja wote ukasimama. Mbele yangu kulikuwa na seremala mmoja (nilimjua kwa penseli iliyokuwa sikioni) mwenye mabega kama kabati, na juu ya kabati alikuwa amemweka mtoto wake. Nikamwambia, "Samahani baba, sioni." Akajibu bila kugeuka, "Binti, muziki unasikilizwa kwa masikio." Mama mmoja wa pembeni akamwambia, "Basi mshushe na huyo, tufumbe macho wote." Watu walicheka. Mtoto hakushushwa.

Nilisikia kila kitu. Nilisikia hata mteremko, kile kipande cha baada ya ubeti wa tatu ambapo gitaa linashuka mbio halafu linaruka juu ghafla. Watu walipiga vifijo. Mimi niliona visogo.

Unajua kwamba wimbo huo ndio nitakaoupiga kwenye mahafali mwezi wa kumi. Nimeujua wote isipokuwa mteremko. Nikiujaribu, unatoka kama ndoo inayoporomoka kwenye ngazi. Desemba nilikuomba unionyeshe, ukasema gitaa liko kwa fundi. Aprili ukasema nyuzi zimekwisha. Kwa hiyo tegemeo langu lote lilikuwa kukuona jukwaani.

Sasa nina ombi. Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya tamasha. Kwa nini msiweke skrini kubwa, moja kila upande wa jukwaa, na kamera ya kuwaonyesha wanamuziki? Walioko nyuma nao wataona. Tafadhali lifikishe kwenye kamati kabla ya tamasha la Agosti.

Mpwa wako,
Karani

*

Ghalani, kiwanda cha sabuni,
13 Mei

Karani wangu,

Marahaba. Usishangae barua kuchapwa. Wametuletea kompyuta mpya huku ghalani na mimi najifunza, nachapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama.

Kuhusu skrini, jibu ni hapana. Saa tisa alasiri jua linapiga uso wa jukwaa lile. Hiyo skrini yako itakuwa shuka iliyoanikwa, na shuka nasikia unazo za kutosha. Halafu mtu akishawekewa skrini hamtazami tena mwimbaji. Nimeyaona kwenye arusi. Bibi arusi yuko hatua tatu kutoka hapo walipo, wao wamekodoa macho kwenye televisheni ukutani kumtafuta. Upepo nao, sijauzungumzia. Ukilishika lile pazia la chuma, watu wa mbele watalala chini bila kupenda. Na jenereta yake itanguruma katikati ya nyimbo za taratibu. Tumepiga miaka ishirini na sita bila skrini, watu wamecheza mpaka viatu vimekatika.

Mteremko haufundishwi kwa macho. Usikilize tu, utakuja wenyewe.

Msalimie matroni. Mwambie kwa mpwa wangu shuka hazitatosha, ajaribu mapazia.

Mjomba wako

*

Bwenini,
Jumapili, 25 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imewachekesha wenzangu bweni zima. Mimi nimecheka nusu.

Nimempelekea mwalimu wa fizikia suala lako la jua. Anasema ni kweli skrini ikitazama jua hufifia, lakini ikigeuzwa kidogo na kuwekewa kofia ya turubai juu, itaonekana. Ya upepo anasema fundi anayejua kazi hufunga nguzo ardhini. Ya bibi arusi hana jibu, na mimi sina.

Halafu tumefanya jaribio. Wasichana arobaini tulipanga mistari minane uani, mpishi akasimama mbele akikoroga sufuria tupu. Kila mtu alitakiwa kusema mpishi anakoroga kwa mkono gani. Kuanzia mstari wa tano hakuna aliyejua, isipokuwa dada mkuu, ambaye ni mrefu mno na hakuhesabiwa. Mpishi akauliza, "Kwani nikikoroga kwa kushoto chakula kinaharibika?" Tukamwambia kwenye chakula si kitu, kwenye gitaa ndiyo kila kitu.

Na Mama je? Watu walivyosimama yeye alibaki kwenye kiti. Saa mbili nzima aliona viuno vya watu. Ameniambia sasa anaijua mikanda yote ya mji, na mingi inahitaji tundu jipya. Alisema kwa utani, lakini hakuniambia kwamba alifurahi.

Unaniambia nisikilize. Nimesikiliza mara mia. Sikio linaniambia noti, haliniambii kidole. Tafadhali nieleze kwenye karatasi: kidole kipi, uzi wa ngapi, mlango wa ngapi kwenye shingo ya gitaa. Ukishindwa kuchapa, andika kwa kalamu kama zamani. Mwandiko wako naujua, hata ukiandika upesi.

Mpwa wako anayesubiri,
Karani

*

Ghalani,
3 Juni

Karani,

Mambo ya kamati yaachie kamati. Sisi si wapishi wa kukorogeshwa sufuria tupu.

Na wimbo ule, chagua mwingine. Zipo nyimbo nyingi nyepesi zinazomfaa msichana wa shule. Mwalimu wako wa muziki atakusaidia.

Nina shughuli nyingi.

Mjomba

*

Bwenini,
Jumapili, 15 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma mara tatu nikitafuta utani. Sikuupata.

"Nyimbo nyepesi zinazomfaa msichana wa shule." Mimi nilipokuwa na miaka minane ulinipakata, ukaniwekea gitaa mapajani, ukamwambia Mama, "Huyu ana mkono." Huo mkono umekwenda wapi? Au ulikuwa mkono wa mtoto tu, na sasa nimekuwa msichana? Kama ni hivyo, mbona Kimya ulimfundisha? Kimya ni mwanamke, anashona sare mchana kutwa kwenye cherehani, na bado anapiga gitaa la pili kwenye bendi yako. Hukumwambia achague nyepesi.

Mara gitaa liko kwa fundi, mara nyuzi, mara shughuli. Kama hutaki kunifundisha, sema hutaki. Nitalia siku moja halafu nitaendelea.

Ya skrini sitakusumbua tena. Tumefundishwa darasani kuandika barua rasmi, na kamati ina katibu.

Mpwa wako

*

Shule ya Wasichana,
Bweni la Tatu,
22 Juni

Katibu,
Kamati ya Tamasha la Muziki.

Ndugu Katibu,

YAH: OMBI LA KUWEKWA SKRINI KUBWA KWENYE TAMASHA LA AGOSTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi tuliotia saini, wanafunzi na wafanyakazi mia mbili na kumi na wanne (pamoja na mpishi), tunaomba ziwekwe skrini mbili kwenye uwanja wa tamasha. Wafupi, wazee, wenye maumivu ya miguu na akina mama wenye watoto mgongoni hukaa nyuma na hawaoni kitu. Wanaotaka kuona husukumana kwenda mbele. Tamasha lililopita mwenzetu alirudi na kiatu kimoja. Aidha, mtoto akipotea, uso wake unaweza kuonyeshwa mzazi akamjua.

Mchoro wa mwalimu wa fizikia kuhusu jua umeambatanishwa.

Mwisho, wapo miongoni mwetu wanaojifunza muziki. Tunaomba kamera moja imwelekee mpiga solo, hasa mkono wake wa kushoto. Tunataka kuona vidole. Nakiri kwamba mpiga solo huyo ni mjomba wangu, lakini ombi hili silitoi kwa upendeleo. Hakuna anayepiga kama yeye.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi, kwa niaba ya wenzake

*

Ofisi ya Katibu,
9 Julai

Binti Mwanafunzi,

YAH: OMBI LAKO

Barua yako imepokelewa, imegongwa muhuri, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Kamati hii imesomwa yote hadi mwisho.

Hoja ilijadiliwa kwa saa moja na robo. Mjumbe mmoja aliuliza kama kwenye hizo skrini mechi za mpira nazo zitaonekana. Alielimishwa. Kura tano zimeunga mkono na moja imepinga. Iliyopinga ni ya Mwenyekiti, aliyeondoka kabla ya chai bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yake, hasa chai ikiwepo.

Kampuni moja ya matangazo itatuazima skrini mbili. Sentensi yenu ya vidole imewagusa wajumbe. Kwa hiyo kamera ya kwanza imepewa kazi moja tu, nayo ni mkono wa kushoto wa mpiga solo, mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Hongera kwa mwandiko.

Katibu

*

Chumba cha kushonea,
14 Julai

Mdogo wangu,

Mimi ni Kimya. Sijazoea kuandika barua, nisamehe. Mjomba wako hajui kwamba nakuandikia.

Yale uliyoyasikia Aprili nilipiga mimi. Mteremko ni mimi. Agosti iliyopita ni mimi pia. Na Aprili ya kabla ya hapo.

Mjomba wako mkono wa kushoto unatetemeka. Mwaka wa pili sasa. Akishika kikombe, chai inamwagika kwenye sahani. Akishika kalamu, mstari unakimbia. Jukwaani anakaa mbele na gitaa lake, anatembeza mkono juu ya nyuzi, lakini waya wake haukuchomekwa popote. Mimi nasimama nyuma ya maboksi ya spika, napiga. Kwa mbali hakuna anayejua. Hata mpiga ngoma alichukua mwezi kugundua.

Nilimwambia tuseme ukweli. Akasema, "Bado kidogo, labda dawa zitashika." Kila tamasha ni bado kidogo.

Sasa kamera itasogezwa mpaka kwenye kucha zake. Tangu kikao kile hali chakula vizuri. Wewe ndiye uliyeandika ombi. Andika tena, liondoe. Wewe watakusikiliza.

Simlaumu mtu. Hukujua.

Kimya

*

Bwenini,
Jumapili, 20 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Nimejua. Tafadhali usimkasirikie aliyeniambia, kwa sababu mimi nimekasirika kwa niaba ya wote wawili na inatosha.

Nimekasirika kwa sababu Desemba nilikaa kitako mbele yako na daftari langu, ukanitazama usoni ukaniambia gitaa liko kwa fundi. Ungeniambia, "Mkono wangu mgonjwa," nisingeandika hata mstari mmoja kwa mtu yeyote. Ningekuletea chai kwenye kikombe kikubwa, nusu. Badala yake uliniacha nikudhanie kwamba unawadharau wasichana. Nimekudhania hivyo mwezi mzima. Nimewaambia na wenzangu. Sasa nitawaambia nini?

Nimekusanya saini mia mbili na kumi na nne ili kamera ikusogelee mkono.

Barua ya kuondoa ombi nimeshaiandika. Imo ndani ya daftari la jiografia. Sijaituma, kwa sababu kila nikiishika namwona Mama kwenye kile kiti, na yule mwenzetu wa kiatu kimoja. Wao hawakukukosea. Lakini nawe ni mjomba wangu. Sijui lipi ni sahihi, na mwalimu siwezi kumuuliza bila kukutaja.

Niambie wewe. Ukisema nitume, nitatuma siku hiyo hiyo.

Mpwa wako,
Karani

*

Ghalani,
29 Julai

Karani,

Marahaba. Kimya na jina lake lile, kumbe ndiye redio ya mji. Nimemwambia hivyo hivyo uso kwa uso. Akanijibu, "Bora redio kuliko gitaa lisilo na waya."

Usitume. Nilikaa siku tatu nikitaka uitume. Siku ya nne nikaona watu mia mbili na kumi na wanne wataambiwa wasione, kwa sababu mtu mmoja hataki kuonwa, na huyo mmoja ndiye mwenyekiti wao. Hata mimi nina kiasi changu cha aibu.

Lakini usinitegemee uwanjani. Kilianza kidole cha pete. Nilidhani baridi. Daktari amenipa dawa, mimi zinanilaza, mkono haulali. Miaka ishirini na sita watu wamenijua kwa mkono huu. Hawanijui kwa uso, wanijue vipi, wote wako nyuma, kama ulivyoandika kwa muhuri na mchoro. Sitawapa nafasi ya kuutazama ukicheza peke yake, mkubwa kama mlango, pande zote mbili za jukwaa.

Kimya atakaa kwenye kiti cha mbele. Nimemwandikia katibu kwamba nina udhuru.

Na likizo hii usije kwangu. Sina la kukuonyesha.

Mjomba wako

*

Bwenini,
Jumapili, 17 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Shule ilituleta kwa basi. Nilikutafuta mpaka nyuma ya jukwaa, nikaambiwa mwenyekiti ana udhuru. Nitakueleza yote, hata yale uliyopatia.

Jua ulipatia. Skrini ya kushoto ilikuwa nyeupe tupu kwa saa nzima. Fundi wao hakutaka kuusoma mchoro wa mwalimu, alisema yeye hafundishwi kazi na shule. Watu wa upande huo walizomea. Ya bibi arusi nayo ulipatia. Waliokuwa mbele kabisa, hatua sita kutoka kwa Kimya, walikuwa wamepinda shingo kutazama skrini. Niliona aibu, kana kwamba shingo zile nilizipinda mimi.

Lakini Mama alikaa kwenye kiti chake alasiri nzima na aliona. Jirani yake, mama mmoja anayeuza vitambaa, alimshika mkono akasema, "Eh! Mpiga solo ni mwanamke? Tangu lini?" Mama akajibu, "Mimi huwa naona mikanda tu, mwenzangu, usiniulize." Mama bado hajui habari zako. Sijamwambia. Hiyo ni kazi yako.

Wimbo wetu ulipofika, Kimya alisogelea kipaza sauti. Watu wakashangaa, maana hajawahi kusema neno. Akasema, "Huu nimefundishwa kidole kwa kidole na mtu ambaye leo hayupo. Nikikosea, kosa ni langu." Kisha akapiga. Hakukosea.

Niliuona mteremko, Mjomba. Skrini ya kulia ilionyesha mkono mzima. Ni kidole gumba! Kinapita juu ya shingo ya gitaa na kukandamiza uzi mnene, ndiyo maana vile vingine vinapata nafasi ya kushuka. Hakuna sikio la duniani ambalo lingeniambia hivyo. Nilipiga kelele, mwalimu akanikanya.

Jioni nikachukua gitaa la shule. Kidole gumba changu hakifiki. Nimekivuta mpaka kimevimba na hakifiki. Kimya ana mkono mkubwa, nimeuona ukiwa mkubwa kuliko mlango, najua. Mimi nina mkono mdogo. Mama anasema ni mkono wa ukoo wenu, kwamba na wewe glavu za ghalani huletewa za saizi ya wanawake. Kwa hiyo wewe ulikifikishaje? Hilo Kimya hawezi kunijibu. Hakuna anayeweza isipokuwa wewe.

Uliandika kwamba huna la kunionyesha. Bado nimekasirika, na hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Shule inafungwa Jumamosi tarehe thelathini. Umenikataza kuja, na mimi sijawahi kukuvunjia neno. Ndiyo maana naomba ulibadilishe.

Mpwa wako,
Karani

*

Nyumbani,
25 Agosti

Karani,

Nimemwambia mama yako. Alilia, kisha akanitukana, kisha akapika. Tumemaliza.

Kidole gumba hakifiki kwa kuvutwa. Usikivute tena, utakiumiza. Wenye mikono kama yetu husogeza kiwiko ndani, karibu na mbavu, na gumba hupanda lenyewe. Nimejaribu kukuchorea, nimeharibu karatasi nne.

Njoo tarehe thelathini na moja, saa moja asubuhi. Saa hiyo mkono huwa umetulia kidogo, kabla haujakumbuka. Gitaa liko hapa, halikwenda kwa fundi, na nyuzi zote sita zipo.

Vidole vitatetemeka. Usivijali. Wewe tazama kiwiko.

Mjomba wako